Wembe wa Magesa

Kuna kaburi ng'ambo ya ghuba, limeandikwa jina la mwanaume, na kilichozikwa mle ni mimi. Sisemi mafumbo. Nywele zangu zimo mle ardhini, zimeliliwa na ukoo mzima, na mimi nilisimama pembeni nimeshika beseni nikiangalia zinavyofukiwa. Jambo hili tulilijua watu wawili tu duniani, mimi na Mzee Bujiku, kinyozi wa Mabatini, au ndivyo nilivyoamini kwa miaka arobaini na kitu. Mwezi uliopita Mzee Bujiku alifariki, nikadhani nimebaki nalo peke yangu. Kumbe! Siku ya tatu baada ya kumzika nilipata mshtuko ambao mpaka leo nikiukumbuka napaliwa na chai. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Wanaonijua sasa, hapa Nyegezi, wananijua kama yule nesi mstaafu mwenye wazimu wa nyembe. Si hivi viwembe vya karatasi vya dukani, la. Ni wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, unaoingia kwenye kipini chake kama kisu cha mfukoni. Ninazo arobaini na tatu ndani ya makopo ya biskuti, na wajukuu zangu wanasema iko siku bibi atachinja mtu. Vijana wa chuo wananiletea nyembe za babu zao zimeoza kwa kutu. Nakaa nazo barazani wiki mbili, tatu, nalowesha kwenye mafuta ya taa, nasugua kwa majivu na kitambaa, nanoa juu ya jiwe, napitisha kwenye mkanda wa ngozi mpaka makali yanakata unywele mmoja ulioning'inia. Siwadai kitu, ni raha yangu tu. Ila nina swali, na nisipojibiwa sigusi: huu ulikuwa wa nani, na mara ya mwisho alinyoa lini? Kijana mmoja alinicheka akasema, "Bibi, si chuma tu hicho?" Nikamwambia achukue chuma chake aende zake. Naona alidhani natania, lakini nilimfungulia geti.

Mwaka wenyewe ni ule niliomaliza kidato cha nne nikafeli. Nilifeli hasa, si kidogo, na nikaletwa kukaa kwa Mzee Bujiku na mkewe nikisubiri mtu aamue nifanyiwe nini. Walinipa chumba nyuma ya duka la kunyolea. Kati ya kitanda changu na kiti cha wateja palikuwa na ukuta wa mabati tu, na bati lile lilikuwa na matundu ya misumari, kwa hiyo nilijua siri za wanaume wote wa Mabatini kabla ya wake zao. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, mchana ugali wa muhogo na dagaa. Ilikuwa miaka ya madukani hakuna kitu. Sabuni unaitafuta, mafuta ya kujipaka unayasikia kwa jina. Mke wa mzee alikuwa na ndugu wenye ng'ombe, basi tukajipaka samli, mwilini na kichwani, na nzi wakatupenda. Viwembe vya dukani navyo vikapotea, na hapo ndipo nyembe za kukunja zilipotoka mafichoni. Watu walizichomoa kwenye mapaa ya nyasi, chini ya magodoro, kwenye masanduku ya marehemu, wakamletea Mzee Bujiku azifufue.

Mzee Bujiku hakuwa na haraka na kitu chochote. Alikuwa akimaliza kunoa anagusa makali kwa ukucha, anasogeza wembe sikioni, anasikiliza mlio wake. Ukilia vibaya, anarudi mwanzo. Mimi alinifundisha kutoa kutu, kung'oa pini ya kipini, kusafisha ndani, kurudisha pini. Makali hakunipa. "Wewe Kabula una haraka," aliniambia kila siku. "Wembe hautaki mwenye haraka." Mwenyewe nilikuwa nimeaibika na shule, nikitamani kitu kimoja tu: kuchukua wembe mmoja uliokufa, niutengeneze peke yangu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, niuweke mbele ya yule mzee aseme, vizuri. Hilo tu. Nikiwaza sasa nasikitika jinsi lilivyokuwa dogo.

Siku hiyo nilikuwa chumbani nakula, nikasikia sauti ya mwanamke upande wa pili wa bati. Alisema taratibu. Nilishika vipande: "miezi mitano sasa," halafu, "wazee wamekubali," halafu, "Jumamosi, na unyoe wewe." Nikasogeza sikio kwenye tundu la msumari, lakini mashine ya kusaga ya jirani ikawashwa, nikasikia mngurumo tu. Nilipotoka alikuwa ameshaondoka. Mzee Bujiku alikuwa amesimama na kitu kimefungwa kwenye kitambaa chekundu, akakiweka juu kabisa ya shelfu, mahali ambapo huweka picha ya mama yake. Akasema, "Huo uache. Huo nitaunoa mwenyewe." Kisha akachukua mkoba wake akaenda Kirumba, kuna mgonjwa karibu na Mwaloni alikuwa akimnyoa nyumbani kila wiki.

Aliniambia niuache. Sitaki mtu asome hapa anitetee. Aliniambia kwa Kiswahili safi.

Nilipanda kwenye kiti nikautoa. Mungu wangu, ulikuwa wembe mzuri! Kipini cha pembe nyeusi, pini za shaba, chuma kizito cha zamani. Lakini ulikuwa mchafu wa kutia kinyaa. Aliyenyoa nao mara ya mwisho alikuwa ameukunja hivyo hivyo na povu lake. Sabuni ilikuwa imekauka ikawa ngozi ya kijivu, imeshika vinywele vifupi vifupi, na ndani ya ufa wa kipini vilikuwa vimejaa kabisa. Nikasema kwa sauti, peke yangu dukani, "Mwenye wembe huu mvivu kweli kweli." Nilisema hivyo. Nikang'oa pini. Nikakwangua ufa wa kipini kwa njiti mpaka ukawa safi ndani. Nikaulowesha, nikausugua kwa majivu, nikausuuza mara tatu, na maji yale nikatoka nayo na karai nikayamwaga barabarani, shwaa, huku namsalimia jirani. Nikaunoa polepole kama nilivyomwona yeye akinoa. Nikaugusa kwa ukucha, nikausogeza sikioni, ukalia vizuri, jamani, ulilia vizuri kuliko wembe wowote niliowahi kuusikia. Nikaulaza juu ya taulo safi, nikakaa kwenye kiti cha wateja kusubiri sifa yangu.

Mzee Bujiku aliingia akaweka mkoba chini. Akaona kitambaa chekundu kitupu kwanza. Halafu akaona wembe unavyong'aa juu ya taulo. Nilikuwa natabasamu. Yule mzee alishika ukuta.

"Kabula. Nywele ziko wapi?"

"Nywele gani, mzee?"

"Zilizokuwa ndani."

"Ule uchafu? Nimeumwaga."

"Umeumwaga wapi?"

Nikamwonyesha mlangoni. Hakunipiga wala hakunitukana, na afadhali angefanya. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akaanza kuniambia. Wembe ulikuwa wa Magesa, mvuvi, mume wa yule mwanamke aliyekuja, Mama Bahati. Miezi mitano nyuma Magesa alikuwa anajinyoa nyumbani kwake, wenzake wakampigia mluzi kwamba upepo umetulia, akaukunja wembe bila kuuosha, akauweka dirishani akasema ataumalizia akirudi. Mtumbwi ulipinduka. Wenzake wawili waliokotwa, yeye hakuonekana, si siku hiyo, si wiki hiyo, si mpaka leo. Kwao Magesa msiba hauanzi mpaka kitu cha mwili wa mtu kishuke ardhini, hata ukucha, hata jino. Bila hivyo mke hanyolewi, hakai matanga, hawi mke wala mjane. Miezi mitano Mama Bahati alikuwa akienda ufukweni kila asubuhi kuangalia maji. Halafu siku moja akiwa anafagia akauona wembe dirishani. Wazee wa ukoo wakasema basi, nywele zile ndizo Magesa. Kinyozi asiye wa ukoo anoe makali tu asiguse pengine popote, azitoe nywele mbele yao, na kwa wembe huo huo anyoe wafiwa.

"Ndiye yule uliyemmwaga," Mzee Bujiku akasema.

Yeye akainuka, akatoka nje, akapiga magoti barabarani. Jua lilikuwa kali, maji yalishanywewa na vumbi, na baiskeli na mbuzi walishapita juu yake. Alipapasa ule udongo kwa vidole, mzee wa heshima zake, amevaa koti. Mtu akapita akamuuliza, "Mzee umepoteza nini?" Akajibu, "Sindano." Mwingine akachuchumaa amsaidie kutafuta. Nikawaangalia wanaume wawili wanatafuta sindano ambayo haipo, nikaanza kulia, nikalia mpaka mke wa mzee akatoka na mwiko mkononi kuuliza nani amekufa. Mzee akamwambia, "Hakuna. Kabula kajikata." Huo ulikuwa uongo wa pili.

Aliporudi ndani akaniambia, "Tutamwambia. Kosa ni langu pia, sikukueleza." Nikamwuliza tukimwambia atazika nini. Akaivaa kofia yake. Nikamwuliza tena, atazika nini, mzee? Atarudi kuangalia maji mpaka lini? Nilijikuta nimekaa kwenye kiti cha wateja nimefungua kilemba. Nywele zangu nilikuwa nimeanza kuzifuga tangu nitoke shule, zilikuwa nyingi, nilizipenda sana. Nikamwambia, "Ninyoe." Akasema hapana. Nikasema, "Zako zina mvi, mzee, yule alikuwa kijana." Kisha nikasikia anakoroga sabuni.

Alininyoa kichwa chote, kwa sababu akitoa pembeni kidogo ingeonekana. Alinyoa kwa wembe ule ule. Hapo ndipo nilipojua kwamba niliunoa vizuri, maana sikuuhisi ukipita. Alizikatakata zikawa fupi, akazikoroga na povu, akazibandika kwenye chuma na ndani ya ufa wa kipini, akaukunja, akauanika juu ya bati jua liukaushe. "Hili halisemwi," akaniambia. "Hata siku moja. Hata kwa padri." Nikaitikia. Tulikula ugali siku hiyo mkewe anatutazama mmoja mmoja.

Jumamosi asubuhi Mama Bahati alikuja. Ndiyo mara ya kwanza namwona uso kwa uso: mwembamba, amefunga khanga kiunoni, hazidi miaka ishirini na saba, na mtoto wa miaka minne ameshika nguo yake. Alipokea kitambaa chekundu kwa mikono miwili akakiweka kifuani. Halafu akaniona. Akaangalia kichwa changu kinang'aa kama beseni.

"Pole, mdogo wangu. Umefiwa?"

Mzee Bujiku aliganda na mkoba mkononi.

"Ndiyo, dada."

"Na nani?"

"Ndugu yangu."

"Mkubwa wako au mdogo wako?"

"Mkubwa," nikasema.

Akanishika mkono akasema, "Basi tuko pamoja." Nikatamani sakafu ifunguke. Mzee alinichukua nimbebee beseni na taulo, nadhani aliogopa kuniacha peke yangu na mdomo wangu. Tulivuka kwa feri. Mama Bahati hakukaa na sisi. Alisimama pembeni kwenye reli ya feri ametugeuzia mgongo, kitambaa kifuani, kichwa ameinamisha, muda wote mpaka tukafika.

Kaburi lilikuwa limechimbwa kamili. Hicho ndicho kilichonishtua kuliko vyote. Nilitegemea kashimo kadogo, kumbe walichimba kaburi la mtu mzima mrefu, urefu wa Magesa, vijana wanatoka jasho. Mzee Bujiku akafungua wembe mbele ya wazee, akakwangua kwa ukucha taratibu, nywele zikadondoka juu ya kitambaa cheupe, akakwangua mpaka ufa wa kipini. Mimi nilikuwa nasubiri radi. Wakafunga kile kitambaa fundo moja, mzee wa ukoo akashuka nacho mpaka chini, akakilaza pale ambapo kichwa kingekuwa. Wanawake wakalipuka kwa kilio. Mama Bahati alilia kama mtu aliyefunguliwa kamba, akamwita Magesa kwa jina, akamwambia alale sasa, alale. Na mimi nililia, watu wakadhani namlilia ndugu yangu. Nililia kwa aibu, kwa hofu, na kwa kitu kingine nisichojua jina lake. Kisha Mzee akamnyoa Mama Bahati, akamnyoa mtoto. Kwao wembe ulionyoa msiba haulali tena katika nyumba ile, hubaki kwa kinyozi, kwa hiyo tukarudi nao Mabatini.

Mwaka ule ulipoisha nilikwenda kusomea uuguzi. Nimezalisha wanawake, nimefunga macho ya maiti, nimestaafu. Ng'ambo ile sikurudi. Hata nikialikwa harusi upande ule nilisingizia miguu. Nyembe nilianza kuzikusanya nikiwa bado kazini, na nadhani nilikuwa natafuta kuurudia ule mmoja nilioharibu, niutengeneze tena, safari hii nikiwa nimeuliza kwanza.

Basi, mwezi uliopita. Siku ya tatu ya matanga, binti wa Mzee Bujiku akaniita uani. "Dada Kabula, baba alisema utunyoe wewe." Akanipa kitambaa. Chekundu, kimepauka. Sikuhitaji kukifungua lakini nilikifungua. Pembe nyeusi, pini za shaba. Nikaomba maji. Nilipotulia nikaunoa kidogo kwenye mkanda, nikausogeza sikioni, nikaanza kunyoa wafiwa mmoja mmoja, watoto, wajukuu. Nilipokuwa namalizia, bibi mmoja mwembamba mwenye fimbo akaja akakaa kwenye kigoda. Nikainama. "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba. Nikamwambia kwa upole kwamba wanaonyolewa ni wa familia.

"Mimi ni Mama Bahati," akasema. "Ninyoe."

Nilimpaka sabuni. Nywele nyeupe, laini. Nilinyoa upande wa kulia wote namwomba Mungu asinijue, na nilipofika kisogoni akasema, bila kugeuka, "Wembe huu naujua."

"Ndiyo, mama."

"Kwenye feri niliufungua nimuage. Nikanusa." Akapangusa povu sikioni. "Mume wangu alikuwa mvuvi, tangu namjua ananuka samaki. Nafungua wembe, nanusa samli."

Nikauondoa wembe kichwani pake. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo pale uani walikuwa wanacheka jambo lao, hawakujua kwamba mimi hapa nakufa.

"Ulijua," nikasema. "Siku ile ile?"

"Nilikuwa nimekuona kichwa."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ningezika nini?" Alisema kama vile mimi ndiye mtoto, na mbele yake nilikuwa mtoto kweli. "Nilisimama pale kwenye reli nikawaza nikurushe kwenye maji, wewe na mzee wako. Halafu nikakumbuka nimekuuliza umefiwa na nani. Ulikuwa na nafasi ya kutaja shangazi, rafiki, yeyote. Ukasema ndugu. Nikasema haya, ametoa kichwa chake akasema ndugu. Basi ni ndugu. Nikaenda nikazika."

Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa ule msamaha miaka yote, una mwanzo na mwisho, lakini haukutoka, yalitoka machozi tu yakamdondokea kwenye upara. Akajifuta kwa kiganja, akageuka mara ya kwanza akaniangalia, na macho yake yalikuwa makali.

"Bujiku alikuwa anakuja," akasema. "Kila mwaka, mpaka miguu ilipomkataa. Anafyeka majani kaburini, anakunywa uji, anaondoka, hatusemi neno. Wewe sijakuona hata mara moja. Miaka yote hiyo nafyeka na mtoto, sasa nafyeka na wajukuu. Ndugu gani wewe?"

Nikamalizia upande wa kushoto. Alipoinuka nilishika beseni niuoshe wembe, akaninyang'anya, akaukunja mwenyewe na povu lake na nywele zake, kama alivyouacha Magesa, akaniwekea kiganjani.